Jinsi Nilivyopanga Safari ya Shelisheli Pamoja na Baba

Katika lugha yetu neno "ndege" lina maana mbili, na maana hizo mbili ziliniletea kicheko nyumbani kwangu. Jioni moja mwaka jana nilimwambia mke wangu kwamba ninakusudia kutumia likizo yangu kupanda ndege kwenda kutazama ndege katika visiwa vya Shelisheli. Alicheka mpaka akaiweka chini sahani aliyokuwa akiifuta. Kisha akauliza kwa upole, "Baba watoto, Uganda ina aina za ndege zaidi ya elfu moja. Wamekukosea nini hata uwaache?"

Swali lake lilikuwa la haki, nami sikuwa na jibu la haraka. Mimi ni mtumishi wa serikali niliyesomea ualimu na kupata cheti kabla ya kuhamishiwa ofisini. Mshahara wangu ni wa kawaida, na fedha tulizoziweka katika chama cha akiba na mikopo kwa muda wa miaka minne zilikuwa za mabati ya nyumba yetu ya kijijini. Mtu wa hali yangu akitaka kuvuka bahari kwa ajili ya ndege, inampasa aeleze sababu.

Sababu yangu ya kwanza ni malezi. Nilizaliwa katika kota za polisi, mtoto wa koplo ambaye baadaye alistaafu akiwa sajini. Baba ndiye aliyenifundisha ndege. Hakuwa na kitabu wala darubini; shule yake ilikuwa lindo la usiku. Alizoea kutuambia kwamba askari aliye lindoni huona kwa masikio kwanza, macho hufuata. Ndege na wadudu wanapolia kama kawaida yao, mlinzi huweza kupumua. Wanaponyamaza wote kwa ghafla, basi yuko mtu au mnyama anayepita. Kwa kazi ya namna hiyo baba alijifunza sauti za ndege wa kila kituo alichohamishiwa, akazileta nyumbani kama baba wengine waletavyo mkate.

Sababu ya pili niliipata katika kusoma. Shelisheli ni nchi ya visiwa 115 katika Bahari ya Hindi, iliyopata uhuru wake tarehe 29 Juni, 1976. Kwa wingi wa aina za ndege haiwezi kushindana na Uganda hata kidogo. Lakini baadhi ya ndege wake hawapatikani mahali pengine popote duniani, na wengine kati yao waliponea chupuchupu. Katika kisiwa cha Cousin, ambacho eneo lake halitimii hektari 30, kulikuwa na ndege mmoja mdogo mla wadudu, wa rangi ya kahawia isiyovutia jicho. Mnamo mwaka 1968 jamii yake nzima, dunia nzima, haikufika ndege 30. Mwaka huo kisiwa kilinunuliwa na shirika la kimataifa la kuhifadhi ndege. Minazi iliyopandwa kwa biashara ikapunguzwa, msitu wa asili ukaachwa uote tena, na baadaye ndege wengine wakahamishiwa visiwa vingine ili msiba wa mahali pamoja usiwamalize wote. Leo wanahesabiwa kwa maelfu.

Nilimsomea mke wangu habari hizo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hao nawaelewa. Lakini mabati je?" Tukaliacha jambo hapo.

Nikaanza kupanga kimyakimya katika daftari la shule la kurasa 96. Kwanza nilikwenda kwa wakala mmoja wa safari mjini. Aliniwekea mezani safari iliyokwisha kufungwa kama kifurushi: wiki moja katika hoteli moja ya ufukweni, chakula cha jioni na muziki, na mashua ya kutazamia samaki. Nilipomwuliza habari za bundi wa Shelisheli, alinitazama kwa huruma akaniambia kwamba bundi wapo hata Kampala. Bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya fedha tulizokuwa nazo. Nilimshukuru, nikarudi kwenye daftari langu.

Nakiri kwamba mpango wangu wa kwanza ulikuwa wa mtu mwenye tamaa. Niliandika visiwa tisa. Niliandika hata Aldabra, yenye kobe wakubwa zaidi ya laki moja na ndege wa ardhini asiyeweza kuruka, ingawa Aldabra iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kisiwa kikuu cha Mahé na haifikiwi pasipo kibali na gharama kubwa. Nilikuwa nimeandika orodha ya ndege, nikasahau kuandika msafiri.

Ndipo baba alipougua macho. Alikuja kwetu kutoka kijijini akilalamika kwamba anajigonga kwenye milango. Daktari alimpima akatuambia ni presha ya macho, na kwamba uoni uliokwisha kupotea haurudi. Dawa ya matone ni ya kulinda kile kilichobaki. Baba aliitikia, "Ndiyo, daktari," kwa sauti ileile aliyokuwa akiwajibu wakubwa wake kazini. Tulipokuwa tukirudi, korongo wakubwa wa jalalani, wale ambao Kampala huwaita kaloli, walikuwa wamesimama juu ya mti kando ya barabara. Nilimwonyesha. Alinyanyua uso, akakaa hivyo kwa muda, akasema, "Niambie wako wangapi."

Usiku ule nilimweleza mke wangu kwamba nimeifuta safari. Yeye ndiye aliyenikataza. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema: "Mabati tutanunua hata mwakani. Macho ya mzee hayatangoja mwakani. Mpeleke."

Baba naye alikataa. "Mwanangu," alisema, "kipofu hupelekwa kutazama nini?" Nikamjibu kwamba sitampeleka kutazama, nitampeleka kulinda usiku. Nikamweleza habari za yule bundi.

Bundi wa Shelisheli ni mdogo, naye anaishi katika kisiwa cha Mahé peke yake, kwenye misitu ya milimani. Kwa miaka mingi wataalamu walidhani ametoweka kabisa, mpaka alipogunduliwa tena mwaka 1959. Hata leo wenyeji wengi wa Mahé hawajapata kumwona kwa macho, kwani hukaa ndani ya miti mizito yenye ukungu. Humsikia tu. Kwa lugha yao ya Krioli humwita "syer", maana yake mpasua mbao, kwa sababu sauti yake ni kama msumeno unaovutwa polepole kwenye gogo. Basi ndege huyu hana upendeleo: mwenye macho mazima na mwenye macho mabovu husimama mbele yake wakiwa sawa.

Baba alinyamaza, kisha akauliza kama hulia saa za kwanza za usiku au alfajiri. Nilijua amekubali.

Majirani walipopata habari, maneno hayakukosekana. Wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba bundi ni mbiu ya msiba, na mama mmoja alimwambia mke wangu waziwazi kwamba si vizuri mzee mgonjwa kupelekwa kumfuata bundi. Baba alilijibu hilo mwenyewe akiwa barazani: "Nimelinda usiku miaka 28 nikiwasikiliza bundi. Waliotaka kuniua walikuwa watu."

Tangu hapo mpango ukabadilika, nao ukawa rahisi zaidi. Nilichukua kalamu nyekundu nikafuta visiwa vitano. Vilivyobaki ni Mahé, Praslin na La Digue ambako watu wanaishi, pamoja na ziara ya asubuhi moja kwenda Cousin. Kila siku niliipima kwa swali moja: baba atasikia nini hapa?

Mahé tutalala usiku nne, katika nyumba ya wageni yenye jiko, ili tununue samaki na mboga sokoni Victoria na kujipikia. Chakula cha hotelini ni ghali mno huko. Jioni mbili tutapanda kwa gari barabara ya Sans Souci inayokatiza milima, tukamsikilize mpasua mbao. Nimeweka jioni mbili kwa sababu ya mvua. Mlima Morne Seychellois una urefu wa mita 905 na mawingu hayaombi ruhusa.

Kutoka Mahé kwenda Praslin ni kama saa moja kwa boti ya abiria. Hapo kuna msitu wa Vallée de Mai, uliowekwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1983, ambamo huota mnazi wenye mbegu kubwa kuliko zote duniani. Kasuku mweusi wa Shelisheli huzaliana humo, na kabla ya kuonekana husikika akipiga mluzi. Kutoka Praslin hadi La Digue ni safari fupi ya boti. Huko yuko ndege ambaye dume lake ni jeusi lenye mkia mrefu, na wenyeji humwita "vev", yaani mjane, kwa kuwa mkia ule hufanana na vazi la matanga. Huyo nitamtazama mimi na kumsimulia baba.

Cousin huendewa asubuhi za siku za kazi, kwa kuagiza mapema. Mashua ya mgeni haigusi ufuko. Abiria huhamia mashua ya hifadhi yenyewe, ili panya asije akaingia kwa bahati mbaya na kuharibu kazi ya miaka mingi. Baba alilipenda sana jambo hilo, akasema kwamba huo ndio ulinzi wa lango. Kisiwani humo wamo pia ndege weusi wenye baka jeupe bawani, ambao miaka ya 1960 walikuwa wamebaki si zaidi ya 15. Hawaogopi watu; humfuata mtembeaji karibu na miguu yake wakiokota wadudu anaowashtua kwenye majani makavu. Buabua weupe nao hutaga yai moja juu ya tawi tupu, bila kiota. Kobe wakubwa hutembea huru. Nimeandika kuwauliza walinzi kama baba ataruhusiwa kuweka mkono juu ya gamba.

Kuhusu majira, mwenzangu wa ofisini aliyezaliwa pwani ndiye aliyenisaidia. Visiwa vile hufuata pepo zilezile za kusi na kaskazi. Kusi huvuma tangu Mei na bahari huchafuka. Oktoba huwa majira ya tanga mbili, pepo zinapobadilishana zamu na maji kutulia. Kwa mzee atakayeshuka kwenye mashua ufukoni, Oktoba ndiyo salama.

Nyaraka si nyingi, ila hazina mchezo. Viza hatuihitaji, lakini kila msafiri huomba kibali kwa njia ya mtandao kabla ya kuondoka, naye huonyesha tiketi ya kurudi, mahali atakapolala na fedha za kutosha. Kwa kuwa tunatoka Uganda, cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni lazima. Ndege ya abiria tutaipandia Entebbe na kubadili Nairobi. Fedha nimezigawa katika mafungu matatu: nauli, malazi na chakula, boti na viingilio. Fungu la nne, la dharura, mke wangu amelishika yeye. Baba ameuza fahali wake mmoja, akakataa tusimlipie nauli nzima.

Nilipokuwa nikimsomea mpango huu kwa mara ya mwisho, alinikatiza. Baba ni Mnyoro, na jina la Shelisheli alilijua kabla yangu, kwa masimulizi ya babu yake. Omukama Kabalega na Kabaka Mwanga walikamatwa na Waingereza mwaka 1899 wakapelekwa uhamishoni huko. Mwanga alifia kulekule mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923 akiwa mzee sana, akafia Jinja kabla ya kuikanyaga Bunyoro. "Miaka yote hiyo," baba aliuliza, "unadhani Omukama alimsikia huyu mpasua mbao?"

Sikuweza kumjibu. Nilimwambia tu kwamba bundi alikuwako mlimani miaka hiyo yote, ingawa wataalamu walikuja kudhani ametoweka.

"Basi alimsikia," baba alisema. "Mtu aliye mbali na kwao halali."

Ndugu wasomaji, sijaandika haya ili kila mwenye mshahara akimbilie Shelisheli. Nimeandika kwa sababu wengi wetu tuna mzee nyumbani, tuna daftari, na tuna jambo tunaloliahirisha kila mwaka kwa ajili ya mabati. Safari yaweza kuwa ya kwenda Mabamba kumtazama korongo nyangumi, au ya kwenda kijijini tu. Ipange mwenyewe, na uanze kwa kumwandika yule utakayesafiri naye. Mahali pa kwenda patafuata.

Tiketi zimelipiwa na ombi langu la likizo limekubaliwa. Kila jioni baba hukaa barazani redio ikiwa imezimwa. Anasema anayaweka masikio yake tayari kwa zamu.