Garissa: Mwanafunzi ni Amana

Mzazi wa pwani anayempeleka mwanawe kusoma Garissa humpeleka ugenini, ijapokuwa havuki mpaka wa nchi. Kutoka Mombasa tulipita Malindi, Garsen na Hola, tukakwea na Mto Tana hadi Madogo, tukavuka daraja kuingia mjini. Upepo wa bahari haufiki huko. Jua ni kali, sokoni husemwa Kisomali, na maziwa ni ya ngamia. Lakini adhana ni ile ile, na salamu huitikiwa kwa ukunjufu.

Katika mji huo, alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, Al-Shabaab walivamia chuo kikuu wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Waliwatenga Wakristo ili wawaue, wakidai kuitetea dini. Dini haimruhusu mtu kumwua mgeni aliyekuja kutafuta elimu. Chuo kilifungwa, waliosalimika wakahamishiwa Eldoret. Januari 2016 kikafunguliwa tena.

Wako wazazi ambao wangali na hofu, nasi hatuwalaumu. Funzo tulilorudi nalo ni hili: mwanafunzi aliye mbali na kwao ni amana ya wenyeji, awe wa dini yoyote. Nasi pia tunao wageni hao, vijana wa bara waliopanga vyumba mitaani mwetu. Enyi akina mama, wajueni kwa majina. Waulizeni kama wamekula. Wakiugua, wapelekeeni uji.

Mwenyezi Mungu awape subira wazazi waliofiwa, na awahifadhi watoto wetu popote walipo. Amin.