Mwanamke Aliyepigwa Nyumbani Aende Wapi?

Kuna maneno mawili ambayo sisi watu wa Bukavu tunayatumia kama kufuli. La kwanza: «Mambo ya nyumba ni ya nyumba.» La pili: «Mama, vumilia.» Mwanamke aliyepigwa na mume wake husikia la kwanza kwa majirani na la pili kwa wazazi wake, na baada ya hapo hana tena mlango wa kugonga.

Msidhani kwamba nasema habari ya watu wachache. Katika uchunguzi mkubwa wa afya uliofanyika nchini mwetu mwaka 2013 na 2014, wanawake wa miaka 15 mpaka 49 waliulizwa juu ya jambo hili. Zaidi ya nusu walijibu kwamba wamekwisha kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15. Wahesabuni akina mama walioketi katika benchi moja siku ya Dominika, nanyi mtaelewa.

Mimi ni mwalimu wa darasa la sita, na mwalimu huona mambo yasiyoandikwa katika daftari la mahudhurio. Mtoto anasinzia saa tatu asubuhi, si kwa malaria, bali kwa sababu usiku alikesha akimlinda mama yake. Mwaka juzi mama mmoja alikuja kuniomba karatasi za mtoto wake, maana alitaka kumhamisha. Mkono wake wa kuume ulikuwa umefungwa kwa kipande cha kikwembe. Akanieleza safari yake ya siku nne. Alianza kwenye zahanati. Wakampa dawa ya maumivu pasipo kuandika hati yoyote. Akaenda kwa polisi. Wakamwuliza hati ya daktari. Akarudi zahanati, yule aliyemhudumia hayupo. Akaambiwa aende parke, kwa mwendesha mashtaka, lakini safari ilitaka nauli, na fedha zote za nyumba zilikaa mfukoni mwa mume. Usiku alilala kwa dada yake, mwenye watoto saba katika vyumba viwili. Na kila alipofika aliulizwa habari ile ile tangu mwanzo: alikupiga na nini? Wewe ulimfanya nini?

Siku ya tano alirudi kwa mume wake. Si kwamba alikuwa amemsamehe. Alichoka miguu.

Mwanamke wa namna hii hahitaji kitu kimoja tu. Anahitaji vinne au vitano kwa wakati mmoja, na kimoja kikikosekana vingine vinaanguka. Jambo hilo tumefundishwa hapa hapa kwetu. Hospitali ya Panzi, ya ndugu zetu Waprotestanti, ilianzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, na dunia inaijua kwa sababu ya wanawake walioharibiwa wakati wa vita. Daktari mwenyewe alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Lakini mimi nasifu zaidi jambo moja ambalo halikupigiwa kelele sana: waganga wale walitambua kwamba kushona jeraha hakutoshi. Mwanamke aliyepona mwili alirudi kwao akakuta amekataliwa, hana shamba, hana fedha, na aliyemtesa anapita njiani bila hofu. Kwa hiyo wakaunganisha mambo manne: matibabu, faraja ya moyo, msaada wa sheria, na kazi ya kumlisha. Mgonjwa hazunguki mji mzima akitafuta wasaidizi. Wasaidizi wanamzunguka yeye.

Mwanamke aliyeumizwa na mume anataka vile vile. Katika matibabu nitasema mawili tu. Akiwa amelazimishwa kitandani, hata na mume wake mwenyewe, dawa za kuzuia ukimwi zianzishwe kabla ya saa 72 kupita, kisha azimeze siku 28. Tena akisema kwamba alikabwa koo, apelekwe hospitali hata kama shingo haina alama, kwa kuwa kukaba kunaweza kuua baadaye. Na daktari aandike hati siku ile ile.

Juu ya sheria, watu wengi wanadhani mume ana haki ya «kumrudi» mke wake. Kitabu cha sheria za makosa cha nchi yetu kinahesabu kumpiga mtu na kumjeruhi kuwa kosa, wala hakikuongeza maneno «isipokuwa mke wako». Katiba ya mwaka 2006 nayo inaiagiza serikali kupigana na kila namna ya jeuri juu ya wanawake, hadharani na nyumbani. Hata Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyomtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kujifunga kwa mapatano, ilirekebishwa mwaka 2016. Ruhusa ile ya mume imeondolewa. Kwa mtu anayekimbia, hilo si dogo. Lakini sheria peke yake ni ukuta mwembamba. Mwezi wa Februari 2025, mji wetu ulipoingia mikononi mwa M23, wafungwa walitoka gerezani. Wazieni mwanamke aliyekuwa na mume wake humo.

Nije sasa kwenye jambo linalotuuma sisi wenyewe: mahari. Katika Bushi ng'ombe wamekwisha kutolewa, tena mara nyingi wamekwisha kutumika, maana kaka amejipatia mke kwa ng'ombe wale wale. Binti akirudi na jicho lililovimba, baba haoni jicho, anaona deni. Ndipo anapomwambia avumilie. Nasema wazi, ingawa wazee watanikasirikia: mahari ilikuwa alama ya heshima kati ya jamaa mbili, na mzazi anayemrudisha mtoto kwenye fimbo kwa kuogopa ng'ombe amemwuza kweli.

Wengine hujificha nyuma ya sakramenti. «Alichounganisha Mungu», wanasema, na mama anarudishwa. Hao hawakusoma Sheria za Kanisa. Kanuni ya 1153, katika kitabu cha mwaka 1983, inafundisha kwamba mwenzi anayeleta hatari kubwa ya roho au ya mwili kwa mwenzake au kwa watoto, anampa mwenzake sababu halali ya kuondoka, hata kwa uamuzi wake mwenyewe kama kukawia kuna hatari. Kuondoka hivi si kuvunja ndoa. Ni kuokoa uhai. Papa Fransisko naye aliandika mwaka 2016, katika Amoris Laetitia, kwamba pengine kutengana ni lazima. Makatekista wafundishe hayo pia kwa wachumba, si uvumilivu peke yake.

Tahadhari moja: saa ya kuondoka ndiyo saa ya hatari kuliko zote, kwa kuwa mume anaona mamlaka yake yanapotea. Msimsukume mama aondoke leo kwa hasira yenu. Kwanza hati zipelekwe kwa mtu mwaminifu: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi ya uchaguzi. Nauli ifichwe. Nasi waalimu tutoe karatasi za shule pasipo kudai sahihi ya baba, wala tusimwambie mtu yeyote shule mpya iko wapi.

Katika shirika letu akina mama hawakungoja waanze wakubwa. Wana muso, kikundi cha akiba, na sehemu ndogo ya kila mchango inatengwa kwa nauli ya zahanati na kwa hati. Mama mmoja anayejua kuandika humsindikiza mgonjwa mahali pote, akiwa na habari yake katika daftari, ili asiulizwe mara sita. Wakikopesha, humpa mtaji mdogo wa makala au wa samaki wa ziwa, naye hulipa polepole. Mjane mmoja ametoa chumba chenye godoro mbili. Kiko wapi, sitaandika. Wanaopaswa kujua wanajua.