Wageni wa Bwawani

Mtu hupanda mahindi, na magugu yakiota hashangai, kwa kuwa ajua mbegu zake hupeperushwa na upepo. Lakini mfuga samaki akipanda ngege, kisha akavuta wavu akamwona kambare, moyo wake huingiwa na shaka.

Katika Migori na Homa Bay shaka hiyo si jambo dogo. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianza kugharimia mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi lililoteuliwa, na wako wazazi ambao karo ya watoto wao hutoka majini. Karibu na mto Kuja, mahali nifundishapo, jirani yangu mmoja alipanda vifaranga vya ngege. Siku ya kuvua alipata ngege wachache, na kambare watatu wanene kama mkono wa mkulima. Akamtuhumu nduguye, ambaye shamba lake lapakana na lake, kuwa aliwatia usiku kwa husuda. Wakaacha kusalimiana.

Nilimwendea jioni. "Mzee," nikasema, "huyu hakutiwa. Amekuja kwa miguu yake."

Alicheka kwa uchungu. "Mwalimu, samaki ana miguu?"

Miguu hana, lakini juu ya matamvua yake kambare ana kiungo kimwezeshacho kuvuta hewa. Mvua inyeshapo usiku, hujikokota kwa mapezi ya kifuani katika nyasi zilizolowa, toka kijitoni hata bwawani. Mto ukifurika hana haja ya kutambaa. Maji yenyewe humchukua. Akifika, vifaranga huwa chakula chake.

Kamongo ana hila nyingine. Wakati wa kiangazi hujizika topeni akavuta hewa, akingoja mvua kwa miezi mingi. Achimbaye bwawa katika kinamasi kilichokauka huenda anamkuta mwenyeji nyumbani. Hata ndege hushukiwa: mwaka 2020 wataalamu wa Hungaria walionyesha kuwa mayai machache mno ya samaki huweza kupita tumboni mwa bata yakiwa hai. Tena vifaranga huweza kuuzwa vimechanganyika, njia ambayo watu hawaisimulii sana, nadhani kwa sababu haina ajabu.

Mzee alinyamaza kitambo. "Basi kile kijito cha nyuma ya nyumba..." akasema, asimalize.

Jumamosi iliyofuata niliwaona ndugu hao wawili wakilizungushia bwawa wavu wenye matundu madogo. Hawakuwa wakizungumza. Mmoja alishika kigingi, mwingine akapiga nyundo.