Lita 45 za Ziwa

Uduvi akijivua gamba huliacha zima. Miguu ipo, mkia upo, hata zile nyuzi ndefu za kichwani zipo. Asiyekuwepo ni uduvi mwenyewe. Mama ndiye aliyeliona la kwanza, limelala juu ya mchanga, akaniita kwa sauti ya msiba: mmoja amekufa. Nikamwonyesha mwenye gamba lake. Alikuwa kajibanza nyuma ya jiwe, mwili bado laini, anasubiri vazi jipya likakamae. Lile kuukuu sikulitoa. Siku mbili baadaye walikuwa wamelitafuna, maana ndani yake kuna madini wanayoyahitaji kujengea jipya.

Tangi lenyewe si la kumwitia mgeni. Ni vioo vitano vya milimita 5 vilivyokatwa na fundi wa madirisha mjini Mwanza na kugandishwa kwa silikoni: urefu sentimita 50, upana 30, kimo 30. Ukilijaza mpaka ukingoni linabeba lita 45. Chini kabisa kuna udongo wa shambani, kina cha vidole viwili, na juu yake mchanga wa ufukweni kwetu Igombe, niliouosha mpaka mgongo ukakataa. Nilifuata njia ya Diana Walstad, Mmarekani ambaye mwaka 1999 alitoa kitabu kizima kutetea jambo lisilowafurahisha sana wauza vifaa: kwamba udongo wa kawaida na mimea mingi vinaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi inayofanywa na mashine. Kwetu hilo halihitaji kitabu. Umeme ukikatika usiku kucha, chujio lisilozunguka ni kikopo cha uchafu tu.

Kila kilichomo kimetoka ziwani, mwendo wa dakika tano kutoka mlangoni. Kuna mmea laini kama mkia wa paka unaoelea bila mizizi, na mwingine wenye majani marefu kama utepe. Gugu maji sikulitia. Hilo limeshapata ziwa zima, lita 45 zangu liniachie. Kuna uduvi ishirini, Caridina nilotica, hawa hawa wanaokutwa wamechanganyika na dagaa kwenye nyavu. Na kuna samaki wanane wasiozidi urefu wa kidole cha mwisho, ambao sijamsikia mtu yeyote kwetu akiwapa jina, kwa kuwa hawaliwi. Ukiwatazama wakiwa wametulia wana rangi ya maji ya kuoshea mchele. Wakigeukia taa, jicho linawaka buluu. Kitaalamu wamepewa jina la Bukoba: bukobanus.

Nilirudi nyumbani kwa ajili ya utafiti wa shahada ya uzamili. Ninapima naitrojeni na fosforasi katika maji ya Ghuba ya Mwanza, chupa kwa chupa, kituo kwa kituo. Ada ya mwaka wa kwanza ililipwa na boti ya Baba. Sisemi kwa mafumbo. Aliuza boti, injini, nyavu na taa, akanitumia fedha kwa simu kwa mafungu matatu, na baada ya fungu la tatu akaandika: “Imekwisha hiyo. Soma.” Alikuwa anavua dagaa tangu mwaka 1983. Hakuniuliza, na sijui ningemjibu nini kama angeniuliza.

Mvuvi wa dagaa hulala mchana. Usiku wa giza ndio ofisi yake, kwa sababu dagaa hufuata taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa taa haina maana. Nilipofika nyumbani nilimkuta Baba bado anaishi kwa kalenda ile ile. Usiku wa giza anaamka saa saba, anavaa koti, anakaa sebuleni. Mwezi ukiwa mpevu analala fofofo mpaka asubuhi, kwa kuwa siku hizo hata angekuwa na boti asingekwenda. Mama aliniambia hayo kwa kunong’ona, kama mtu anayeeleza ugonjwa.

Sebuleni ndiko palipokuwa na nafasi ya tangi.

Mwezi wa kwanza hakuna cha kutazama, na ni hapo wengi hukata tamaa. Maji mapya yanaonekana masafi kumbe hayana wakazi. Kinyesi cha samaki na jani linalooza hutoa amonia, nayo ni sumu. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, sumu nyingine, na wapo wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mimea huila na samaki huivumilia. Hawa huzaliana polepole, na wiki nne hadi sita ni kawaida kuwasubiri. Kwa hiyo niliweka mimea, nikadondosha chembe za dagaa mkavu zioze, nikapima kila jioni. Wiki ya tatu kipimo cha nitriti kilikuwa zambarau iliyokolea. Ya tano, rangi ikafutika. Mama aliuliza ni lini nitaweka samaki katika hilo tangi la samaki.

Samaki walipoingia, maji yakageuka kijani. Si ukuta wa kioo, ni maji yenyewe, kama uji wa mlonge. Ni mwani wa chembe ndogo mno. Tangi jipya lenye udongo wenye rutuba na mwanga mwingi hupitia hatua hiyo. Kwa siku kadhaa niliwajua samaki wangu kwa vivuli tu. Dawa yake ni giza. Mama alitoa kanga mbili, tukalifunika tangi siku nne, na tulipofunua mimea ilikuwa imekwajuka kidogo lakini unaona mpaka upande wa pili.

Nilimwambia Baba kwamba hiki nilichokifunika kwa kanga ndicho ninachokipima kule ghubani. Mbolea za mashamba, maji machafu ya mji na udongo unaoporomoka kutoka vilimani hulisha mwani, na mwani huvuruga mwanga. Akasikiliza kwa adabu aliyokuwa akiwapa watu wa semina.

Kilichomvuta si maelezo yangu. Usiku mmoja wa giza aliniamsha saa 11 alfajiri. “Mwanangu, samaki wako wanaomba hewa.” Wote wanane walikuwa juu, midomo ikigusa uso wa maji. Nikaleta kipimo: oksijeni miligramu 3 kwa lita. Mchana uliotangulia, saa 9 alasiri, ilikuwa 8. Mimea hutoa oksijeni kukiwa na mwanga. Usiku hupumua kama sisi, nayo huitumia, na kabla ya mapambazuko ndipo akiba hufika chini kabisa.

“Ziwa nalo hufanya hivyo,” alisema Baba. “Kuna alfajiri unapita ghubani unakuta samaki wanaelea, hawana jeraha. Sisi tulisema maji yamegeuka.”

Akachukua kikombe, akachota maji ya tangi, akayamimina kutoka juu yarudi kwa mporomoko. Akachota tena. Alifanya hivyo kama nusu saa, na koti lake mwilini, na samaki wakashuka mmoja mmoja. Ningeweza kununua kipampu cha betri. Nilinunua, kwa kweli, baada ya wiki moja, lakini Baba anasema kelele zake zinaudhi, na usiku wa giza bado anatumia kikombe.

Tangu hapo ana daftari. Anaandika nani ana mayai. Uduvi jike huyabeba chini ya tumbo, kishada cha vitone, na kuyapepea kwa miguu bila kupumzika ili yapate hewa. Baba huwatambua kwa namna asiyoweza kunieleza. Siku moja alinitajia jambo huku akitazama kiooni, si kwangu: “Miaka arobaini nimevua. Sijawahi kumwona samaki akiwa hana haraka.”

Sikuwa nimelifikiria hilo. Kwa elimu yote ya Baba juu ya ziwa, alilijua kutoka juu: rangi ya maji, harufu ya upepo, uzito wa wavu. Chini hakuwahi kuona.

Furu alikuja mwezi wa tano. Mtoto wa kaka alimnasa kwa ndoana kwenye mawe, na Baba akamleta ndani ya ndoo kama mtu aliyeleta mbuzi. “Nyerere wako huyu,” alisema. Nilishamsimulia kwamba yupo furu wa mawe aliyepewa jina hilo na wanasayansi mwaka 1985, nyererei: dume lake lina mgongo mwekundu, ubavu wa njano na mistari myeusi. Ana ndugu wa karibu ambaye dume lake ni la rangi ya buluu. Majike ya aina hizo mbili wanafanana mno, na kila jike huchagua dume kwa rangi. Kwenye kisiwa cha Makobe, ambako maji ni maangavu zaidi, wekundu na wabuluu wamebaki mbalimbali. Ndani zaidi ya ghuba, kwenye maji machafu, jike haoni tofauti, na aina mbili zinachanganyika kuwa moja. Ole Seehausen na wenzake waliliandika hilo mwaka 1997. Watu humlaumu sangara kwa kupotea kwa furu, na kweli alipopandikizwa miaka ya 1950 na 1960 alikuja na njaa. Wapo furu ambao leo wamebaki katika matangi ya Ulaya na Marekani tu. Lakini huyu wa mawe anafutwa na ukungu wa maji, bila kuliwa na mtu.

Tukamtazama kwa tochi. Wekundu wake ulikuwa umefifia kama kitambaa kilichofuliwa sana, na ubavuni kulikuwa na buluu isiyokuwa na uamuzi.

“Wa zamani hawakuwa hivi,” alisema Baba. Kumbukumbu ya mtu mmoja haingii kwenye jedwali langu. Niliiandika pembeni ya ukurasa, na tarehe.

Akataka tumtie tangini. Nikamwambia haiwezekani: uduvi watakwisha kwa wiki moja na wale wadogo hawatapata amani.

“Najua anachokula. Nauliza ataishi au hataishi.”

“Humu ataishi vibaya, Baba.”

Akaondoka na ndoo kuelekea ufukweni. Mama alichungulia dirishani, akarudi kwenye mchicha wake. Baba aliporejea, ndoo ilikuwa tupu na suruali imelowa mpaka magotini, maana yake hakummwaga ukingoni. Aliingia naye mpaka kwenye mawe.

“Yule fundi wa vioo,” alisema, “kwa tangi la mita moja anataka shilingi ngapi?”

Nikamwambia vioo vya milimita 5 havitafaa. Mita moja, kwa nusu mita, kwa nusu mita, ni lita 250. Hizo ni kilo 250 za maji tupu, kabla ya mawe na mchanga, na meza yetu haiwezi.

“Boti ilibeba zaidi,” akasema, akasogeza kabati la vyombo, akaanza kuupima ukuta kwa pima ya mikono.