Filamu ya dakika sita na bakuli la jirani

Kwa muda wa mwaka mzima meza yetu ilikuwa na kazi mbili. Mchana ilikuwa meza ya chakula. Usiku, swala ya Isha ikishaswaliwa na watoto wakishalala, iligeuka kiwanda cha filamu ya katuni. Sisi ni mume na mke, wakazi wa Makorora mjini Tanga. Mmoja wetu anasomesha hisabati katika shule ya sekondari, mwingine ni fundi cherehani. Hakuna kati yetu aliyesomea filamu, wala hakuna aliyetutuma au kutulipa. Tulitaka tu watoto wetu wawili, pamoja na wa majirani, waone walau katuni moja ambayo nyumba zake zinafanana na zao, na ambayo watu wake hubisha hodi kabla ya kuingia.

Filamu hiyo imekamilika, Alhamdulillah. Urefu wake ni dakika sita. Lakini yaliyotupata katika kuitengeneza ni marefu kuliko yenyewe, na yamo ambayo hatuoni fahari kuyasimulia. Tumeona tuyaandike katika ukurasa huu wa familia kwa kuwa wazazi wengi wana kazi zao za usiku, na huenda wengine wakajiona humu.

Kisa chetu tulikipata katika desturi ambayo kila aliyelelewa pwani anaijua: bakuli la jirani halirudishwi tupu. Mwanamke anapeleka futari nyumba ya pili. Jirani anakula, analiosha bakuli, analitia alichopika yeye, na badala ya kulirudisha analipeleka kwa mwingine mwenye dhiki zaidi. Bakuli linazunguka nyumba saba, mpaka usiku mmoja linabisha mlango wa mwenyewe, naye siku hiyo hana kitu jikoni.

Kabla ya kukata karatasi ya kwanza tulikuwa na swali ambalo hatukutaka kulikwepa, nalo ni la picha za viumbe wenye roho. Tulikwenda kwa sheikh wa msikiti wetu. Alitueleza kwa utulivu kuwa wanazuoni wametofautiana: wapo wanaokataza picha zote za wenye roho, na wapo wanaoruhusu zile za kuwafunza watoto, wakitoa hoja ya wanasesere aliokuwa akiwachezea Bibi Aisha (r.a.). Hakutupa fatwa. Alitupa swali: "Je, hamuwezi kuisimulia hadithi yenu bila ya nyuso?" Tulirudi nyumbani tukilifikiria njia nzima, na jibu tulilikuta ukutani, pale taa ilipotupa vivuli vyetu wenyewe. Kivuli hakina uso.

Tulipoanza kutafuta habari tulikuta kuwa njia ya vivuli ni kongwe na ina heshima yake. Waturuki wana Karagöz, mchezo wa vivuli ambao kwa karne nyingi umekuwa ukichezwa katika mikesha ya Ramadhani. Na filamu ndefu ya katuni iliyo kongwe kuliko zote zilizosalia duniani nayo ni ya vivuli. Ilitengenezwa Potsdam, nchini Ujerumani, kati ya mwaka 1923 na 1926, na mwanamke aitwaye Lotte Reiniger, na visa vyake vimetolewa katika Alfu Lela U Lela. Reiniger alikata watu na farasi kwa mkasi, akaviunga viungo vyao kwa waya, akawalaza juu ya kioo chenye taa chini yake, na kamera ikapiga picha kutoka juu. Aliyeshika kamera alikuwa mumewe, Carl Koch. Tuliposoma hayo tulitazamana. Mkasi tulikuwa nao, na mume na mke tulikuwa nao.

Tukachukua kioo cha dirisha la zamani, tukakilaza juu ya vigoda viwili vilivyowekwa mezani. Chini yake tuliweka taa, juu yake karatasi nyembamba nyeupe ili mwanga usambae sawasawa, na juu zaidi fremu ya mbao iliyoishika simu isitikisike. Watu wetu walikuwa manila nyeusi, na kila kiwiko na goti lilikuwa fundo la uzi wa cherehani. Anga tulilifanya kwa karatasi laini za buluu: moja ikawa alfajiri, tatu zikawa magharibi, tano zikawa usiku.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Filamu za sinema huonyesha picha 24 kwa kila sekunde. Katuni nyingi huridhika na picha 12, kila moja ikionyeshwa mara mbili, na jicho halilalamiki. Dakika sita ni sekunde 360. Zidisha kwa 12, utapata picha 4,320. Kwa kila picha unasogeza mkono wa karatasi kidogo tu, unaondoa vidole vyako, unazuia pumzi, unapiga. Usiku mwema ulitupa picha 40, yaani sekunde tatu na theluthi. Feni tuliizima, hata katika joto la Februari, maana upepo wake uliwapeperusha watu wetu. Umeme ukikatika na mmoja wetu akaigusa meza gizani, tukio zima lilirudiwa tangu mwanzo.

Tulianza mwezi wa Mfunguo Nne, kwa usiku tatu za kila wiki. Ramadhani ya Machi 2025 ilipoingia, tulikuwa na picha zaidi ya 3,500. Siku hizohizo tulisoma kuwa filamu ya katuni iitwayo Flow, ya Gints Zilbalodis wa Latvia, nchi ndogo ya Ulaya, imepata tuzo ya Oscar huko Marekani, na kwamba ilitengenezwa kwa Blender, programu ambayo mtu yeyote huipata bila malipo. Filamu ndefu aliyotangulia kuitoa, mwaka 2019, aliitengeneza peke yake. Habari hiyo ilitutia ari, na ari ndiyo iliyotuponza.

Tuliazimia filamu yetu iwe tayari usiku wa Iddi. Usiku tatu za wiki zikawa kila usiku. Mmoja wetu akawa anaswali tarawehe nyumbani, tena kwa haraka, ili aiwahi meza. Binti yetu wa miaka 11 ndiye aliyekuwa akimlaza mdogo wake. Nasi tulikuwa na jina zuri la kuyapamba yote hayo: tuliita muda wetu wa ziada.

Ramadhani 3, Bi Mkubwa alituletea mihogo ya nazi. Hivyo ndivyo mtaa mzima unavyomwita, bibi mjane anayeishi hatua ishirini kutoka mlangoni petu. Tulikula, tukashukuru, tukaliosha bakuli. Kisha likatupendeza. Lilikuwa bakuli jeupe la zamani, pana juu, lenye kitako kidogo, na sisi tulihitaji mfano kwa ajili ya picha za karibu. Tukalichora kivuli chake, tukakikata. Bakuli lenyewe likabaki kwenye rafu kando ya taa. Tulilitazama kila usiku, wala hatukulirudisha.

Usiku wa Ramadhani 19 tulikuwa katika tukio la nyumba ya sita, ambapo jirani anatambua kuwa mlango wa mwenzake haukufunguliwa tangu asubuhi. Mwanetu wa miaka saba alikuwa bado hajalala. Akasimama kando ya meza, akalitazama bakuli, akauliza: "Mbona Bi Mkubwa yuko hospitali, na bakuli lake liko hapa?"

Ilikuwa siku yake ya nne wodini. Shinikizo la damu lilikuwa limempanda, na waliompeleka ni majirani wa ng'ambo ya barabara. Madrasa nzima ilijua. Watoto wetu walijua. Sisi wawili hatukujua, kwa sababu tulikuwa tumejifungia ndani tukipiga picha za jirani mwema. Tulizima taa, na usiku ule hatukupiga picha nyingine.

Asubuhi tulikwenda kumwona. Alitupokea kana kwamba tulikuja tangu siku ya kwanza, akatuuliza hali za watoto. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani tulimpelekea bakuli lake, ndani likiwa na tambi, tukamwomba radhi. Akasema, "Nilidhani mmelivunja. Nikamkataza mjukuu wangu asije kuliuliza, msije mkaona haya." Hatukuwa na la kujibu.

Akataka kuona hicho kilichotushughulisha. Tulimwonyesha katika simu. Aliitazama mpaka tulipofikia, akacheka palipostahiki kuchekwa, kisha akauliza: "Kawa liko wapi?"

Hatukumwelewa mara moja.

"Wanangu, futari inapita njiani wazi? Bakuli hufunikwa kwa kawa. Kwanza vumbi na nzi. Pili, anayepita asijue jirani yako umempelekea kingi au kichache. Huyo ni mwenzio, msitiri."

Sisi sote tulikulia katika nyumba zenye kawa la ukindu likining'inia ukutani. Lakini tumezoea vifuniko vya plastiki, na katika miezi minane ya kukata na kupiga hakuna aliyelikumbuka. Laiti tungekwenda kuketi barazani kwake jioni moja tu tangu tulipoanza, angetuambia. Kosa la filamu na kosa letu sisi lilikuwa kosa moja.

Tulihesabu tukakuta bakuli linaonekana likibebwa katika picha 1,280. Zote ilibidi zirudiwe, na kwa mwendo wetu hizo ni usiku 32. Filamu haikuwa tayari Iddi ile. Tuliswali, tukatembeleana na watu, tukapumzika.

Tuliporudi mezani tulijiwekea kanuni. Kazi ni usiku tatu kwa wiki, na saa nne tunazima taa hata kama mkono wa karatasi umebaki hewani. Kabla ya kuwasha taa tunaulizana: je, iko nyumba ya karibu ambayo leo hatujui hali yake? Ikiwepo, twende kwanza huko. Jumamosi mchana ikawa zamu ya watoto: binti yetu akayakata makawa, makubwa na madogo, na mdogo wake akahesabu picha kwa sauti. Kazi ilikwenda polepole zaidi kuliko awali, ila hapakuwa tena na mtu ndani ya nyumba aliyekuwa akiilipia bila kuulizwa.

Jambo jingine lilitushangaza. Katika vivuli, bakuli lililo wazi likishikwa kifuani humezwa na weusi wa mwili, na mtazamaji halioni. Kawa, kwa ncha yake iliyochongoka, huonekana hata mtu akiketi mbali. Bi Mkubwa hakuwa na habari na mambo ya kamera, lakini alitusahihishia na picha. Akatubadilishia na mwisho pia. Tulikuwa tumepanga kuwa katika tukio la mwisho mwanamke afunue bakuli, nasi tuone kilichomo. Sasa hafunui. Analipokea, anaingia nalo ndani, anafunga mlango.

Kwa kuwa vivuli havina midomo ya kuchezesha, tuliacha maneno karibu yote. Yanayosikika ni hodi na karibu tu, nyumba kwa nyumba. Sauti hizo tulizirekodi kwa simu ndani ya kabati la nguo, kwani nguo humeza mwangwi. Nyumba saba za mtaani kwetu zilitupa sauti zao, na hodi ya kwanza ni ya Bi Mkubwa.

Hatumshauri mzazi mwenye kazi kama hii aiache. Kazi ya mikono iliyodumu kidogokidogo imetufunza subira kuliko mambo mengi tuliyowahi kuyafanya. Tunalosema ni hili: tulidhani muda wa ziada ni mabaki yasiyo na mwenyewe, kama vipande vya kitambaa vinavyoanguka chini ya cherehani. Kumbe kila saa ya usiku wetu ilikuwa na mwenyewe: mtoto anayengoja kulazwa, mwili unaodai usingizi, Mola anayestahiki swala isiyo ya haraka, na bibi aliye hatua ishirini. Anayetaka kuitumia saa hiyo kwa jambo jingine na aiombe kwanza kwa wenyewe. Tulipoiomba, walitupa.

Baada ya Iddi el-Hajj tulitandika mikeka uani, tukatundika shuka jeupe, tukaazima projekta. Watoto wa mtaa walijaa, na Bi Mkubwa akawekewa kiti mbele. Dakika sita zikapita. Watoto wakataka irudiwe, na ilipochezwa mara ya tatu walikuwa wakibisha hodi pamoja na vivuli.

Ilipokwisha, mwanetu wa miaka saba akamwendea Bi Mkubwa kumuuliza swali alilokuwa nalo tangu mara ya kwanza: ndani ya bakuli mlikuwa na nini?

"Hayo ni ya wenyewe," akamjibu.

Usiku ule tulimsindikiza mpaka kwake, na mmoja wetu alibeba bakuli, chini ya kawa.