Jikoni kwa dada, Aberdeen

Treni ilipotoka Edinburgh ilipanda daraja la chuma la Forth, lililofunguliwa 1890, nikaiona bahari chini yangu, ya kijivu, bila ngalawa hata moja. Nilikuwa sijawahi kutoka Tanzania, na safari yenyewe ilikuwa ya kwenda kuuguza. Dada yangu, mkazi wa Aberdeen kwa miaka mingi, ana maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao wengi huuita MS. Tanga nilikuwa nimefungasha khanga, iliki na nia ya kutomwacha mgonjwa ainue hata kijiko.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," shemeji alinilaki stesheni. Mji umejengwa kwa mawe ya graniti, na mvua ikikatika kuta zinametameta. Ilikuwa Juni. Nikangoja giza liingie nipumzike, wapi! Magharibi ilifika saa nne usiku.

Asubuhi dada aliamka mchangamfu, anacheka, nikajiuliza ugonjwa uko wapi. Adhuhuri hakuweza kushika kikombe. Akanieleza akiwa amejilaza: kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, hushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo, hata ujumbe wa ubongo ukafika kwa kusuasua au usifike kabisa. Mkono hufa ganzi, jicho hufifia, na uchovu wake hauondoki kwa kulala. Huwapata zaidi wanawake, na mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40. Tanga sikumjua mtu mwenye ugonjwa huu. Huku Uskoti wanaujua vizuri: visiwani Orkney, ziendako meli kutoka bandari ya Aberdeen, takribani mwanamke mmoja kati ya 170 anao.

Jumanne akaja mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Nilitazamia vidonge au sindano. Yeye aliketi jikoni, akafungua daftari, akauliza: "Ni jambo gani unatamani kulifanya mwenyewe na sasa linakushinda?"

Dada hakusita. "Kuwapikia wanangu wali wa nazi."

Nilipigwa na butwaa. Mimi nimevuka bahari ili nimpikie, na mgonjwa anaulizwa kama anataka kupika!

Mtaalamu akamwomba achemshe chai. Alitazama kila kitu: birika linainuliwa vipi, dada anasimama kwa muda gani, akiyumba anashika wapi. Nilipoinuka kusaidia, akaniashiria kwa upole nikae. Kisha jiko likapangwa upya. Sufuria zilishushwa kutoka kabati la juu. Birika likawekwa kwenye kitako kinachoinama, maji yamiminike bila kulibeba. Mwiko ukavishwa mpini mnene, na ukaja ubao wenye vijiti vya chuma vya kushikilia kitunguu, kikatike kwa mkono mmoja.

Habari ya uchovu niliielewa kwa hesabu ya nyumbani. Mabomba yakikauka na dumu likabaki moja, unapima: ya kunywa, ya kupikia, ya kutawadha. Nguvu za dada ndizo dumu hilo. Basi apumzike kabla hajachoka, amenye akiwa ameketi, apike asubuhi, na siku ya kupika asioge kabla.

Joto nalo lilinishangaza. Kwetu mwenye viungo vilivyolegea hukandwa kwa maji ya moto. Kwa dada, maji hayo humlegeza miguu mpaka mwili upoe. Daktari Mjerumani Wilhelm Uhthoff aliandika mwaka 1890 kwamba macho ya wagonjwa hawa hufifia wakijitaabisha, na baadaye ikabainika chanzo ni joto la mwili. Dirisha la jikoni likafunguliwa, nami nikavaa sweta la pili.

Halafu mtaalamu akamgeukia shemeji: "Na wewe, unalala? Mgongo wako je?" Akamfundisha kumsaidia dada kuinuka bila kumvuta mkono. Sheria ya Uskoti ya 2016, iliyoanza kutumika 2018, inampa kila mtu mzima anayeuguza nduguye haki ya kuandaliwa mpango wa msaada wake mwenyewe. Shemeji, mtu wa maneno machache, alisema mengi siku ile. Kwetu anayeuguza husifiwa kwa kunyamaza.

Ijumaa dada alipika, kwa tui la kopo. Mimi kazi yangu ilikuwa kuinua sufuria. Watoto walikula, na mama yao akawa bado na nguvu za kuketi nao kusikiliza habari za shule.

Tanga tunauguza kwa mikono mingi, na mikono hiyo naipenda. Lakini mjomba wetu, fundi wa nyavu, hajashika sindano yake tangu apate kiharusi; tunamlisha na kumvisha, basi. Nikirudi nitamuuliza yeye anatamani kufanya nini, kisha nimtafutie mtaalamu. Tunao hata sisi: KCMC, Moshi, wanafundisha kazi hii.