Kuvunja Ungo si Kukomaa

Nililelewa Kibondo kwa ugali wa muhogo, maharage na, siku za neema, dagaa wa Ziwa Tanganyika. Dada zangu walichelewa kuvunja ungo, na wazee hawakuona ajabu. Leo nikiwa Kasulu mjini, akina mama huniuliza kwa nini binti wa darasa la tano tayari amevunja ungo. Wapo wanaolaumu simu. Wapo wanaolaumu maadili.

Sayansi ina jibu la staha zaidi. Mwili wa msichana hauhesabu miaka peke yake. Hupima pia akiba yake. Mafuta ya mwilini hutoa homoni ya leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, ambayo huuarifu ubongo kwamba chakula kinatosha. Mtoto anayeshinda njaa au kuugua mara kwa mara huchelewa, aliyeshiba huwahi. Kaskazini mwa Ulaya, katikati ya karne ya 19, wasichana walivunja ungo wakiwa na miaka 16 hivi. Lishe na afya zilipoboreka, umri huo ulishuka hadi takriban miaka 13.

Basi tuchukue watoto wawili waliozaliwa mwaka mmoja: mmoja wa mfanyabiashara wa Kasulu, mwingine wa kambi ya Nduta, Kibondo, ambako, kama Nyarugusu, mgao wa chakula ulipunguzwa mwaka 2023. Wanaweza kupishana mwaka, miwili au zaidi. Je, yule wa kwanza ana akili ya mtu mzima kwa sababu tu alikunywa maziwa?

Swali hili si la maabara. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilitamka kwamba jambo hilo linakiuka Katiba. Hata hivyo, vijijini kwetu utetezi ni uleule: "Ameshakua." Hapana, ndugu zangu. Ameshiba.

Tukiufanya mwili kuwa kalenda, kila hatua ya lishe bora itamsogeza binti karibu na ndoa. Kwa hiyo watumishi wa umma waliopo wilayani wana kazi mbili: elimu ya hedhi, pamoja na vyoo vyenye maji na milango, vimfikie mtoto kabla ya darasa la tano, na umri wa kuolewa usomwe kwenye cheti cha kuzaliwa, si kifuani mwa mtoto.